Daktari David Bruce na Mdudu wa Malale

Nawaletea habari za Daktari David Bruce, kwa kuwa kazi yake ilifika hata kwenye ufuko wa ziwa letu hapa Bujumbura.

Alizaliwa Australia mwaka 1855, akalelewa Uskoti. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliacha shule akaajiriwa ghalani. Baadaye alirudi masomoni, akahitimu udaktari mwaka 1881, akaingia jeshini.

Mwaka 1894 alipelekwa nchi ya Wazulu, ambako ng'ombe walikuwa wakikonda na kufa kwa nagana. Huko Ubombo alifanya kazi kibandani pamoja na mkewe Mary, hodari wa kuchora. Katika damu ya ng'ombe wagonjwa akamwona tripanosoma, mdudu mdogo mno aenezwaye na mbung'o.

Wenzangu wa darasa la sayansi, angalieni sana hapa. Katika tone la maji ya dimbwi tunaona kwa hadubini wadudu waliojaa vinyweleo mwilini, ambavyo ndivyo makasia yao. Tripanosoma hana vinyweleo hivyo. Ana mjeledi mmoja tu, na utando utikisikao ubavuni. Asiyeijua tofauti hiyo huona wadudu tu. Aijuaye humtambua adui.

Mwaka 1903 Bruce alifika Entebbe, wakati malale ilipokuwa ikimaliza vijiji vya Uganda. Waliokufa walizidi 200,000. Daktari Aldo Castellani alikwisha kumwona mdudu huyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, lakini alidhani ugonjwa waletwa na kijidudu kingine. Bruce alimjua tangu Ubombo. Akamwomba Katikiro Apolo Kagwa msaada, watu wakaleta nzi kutoka pande zote. Ramani ya mbung'o ikalingana na ramani ya malale.

Dawa hakuipata, lakini watu walijua sasa wajihadhari na nini. Miaka michache baadaye Wajerumani, waliotawala Urundi, walijenga kambi za wagonjwa wa malale kando ya Ziwa Tanganyika, na vichaka vya mbung'o vikafyekwa.

Mary alifariki Novemba 1931, na Bruce akafa siku ya mazishi yake.

Basi ndugu zangu, tukiinamia hadubini tusiwe na haraka ya kutaja jina. Tuchore kwanza, tuhesabu, tulinganishe. Mdharau mwiba mguu huota tende.