Askofu James Hannington na Wenzake wa Safari

Jina la Askofu James Hannington si geni kwa waumini wa Kianglikana katika Afrika Mashariki, kwani kila tarehe 29 Oktoba hukumbukwa kama shahidi wa imani. Hata hivyo, si wakazi wote wa Kisumu na viunga vyake wanaofahamu kwamba safari iliyomfikisha mautini ilipitia huku kwetu, na kwamba mifupa yake ilizikwa kwanza Mumias. Makala haya yanasimulia kwa muhtasari maisha yake na ya wale walioandamana naye.

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 huko Hurstpierpoint, Uingereza. Mnamo 1882 alitumwa na chama cha wamisionari cha CMS kwenda Buganda kwa njia ya kusini, kupitia Unyanyembe. Alifika ziwani, lakini homa na tumbo la kuhara damu vikamrudisha kwao mwaka uliofuata. Angeweza kubaki huko bila lawama. Badala yake, tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki, na Januari 1885 akawasili Mombasa.

Mwaka huo alimpa daraja la ushemasi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Tarehe 23 Julai wawili hao waliondoka Rabai wakiwa na wapagazi wapatao 200. Walipitia Umaasai hadi Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, makao ya Mfalme Mumia wa Wawanga. Njia hii ilikuwa fupi kuliko ile ya kusini, ila ilikuwa na dosari moja kubwa: iliingilia Buganda kutoka mashariki, upande ambao Waganda waliamini kwamba ndiko watakakotokea wavamizi wa nchi yao. Aidha, habari za Wajerumani kutwaa ardhi zilikuwa zimemfikia Kabaka Mwanga. Wamisionari waliokuwa Buganda walimwandikia askofu kumwonya, lakini onyo hilo halikumfikia kwa wakati.

Tarehe 12 Oktoba Hannington alimwacha Jones Kwa Sundu pamoja na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50. Tarehe 21 alikamatwa Busoga, katika himaya ya Luba. Kwa siku nane alizuiliwa kibandani, mgonjwa, akiandika shajara yake na kujiliwaza kwa Zaburi. Siku ya mwisho alisoma Zaburi ya 30. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa kwa amri ya Mwanga, akiwa na umri wa miaka 38. Wapagazi wake wengi waliuawa pamoja naye.

Wachache walioponyoka ndio waliompelekea Jones habari. Mzigo wa kuurudisha msafara ukamwangukia yeye. Tarehe 4 Februari 1886 aliingia Rabai na watu wake, wakitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno la Biblia, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Huko Buganda, Joseph Mukasa Balikuddembe alimkemea Mwanga kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Mifupa ya askofu ilihamishwa kutoka Mumias na kuzikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, Buganda ilikuwa tayari chini ya Uingereza. Ni dhahiri basi kwamba hofu ya Mwanga haikuwa ndoto tupu, ijapokuwa haihalalishi damu aliyoimwaga. Hannington aliichagua njia ile kwa imani yake, na akalipa gharama yake bila kuikana imani hiyo. Wapagazi hawakuichagua, waliifuata kwa sababu walikuwa wameajiriwa kubeba mizigo, wakafa kifo kile kile. Tunapoadhimisha ushujaa wa askofu huyu, itakuwa haki tuwahesabu na wao.