Dorothy Draper na ujasiri wa rangi mlangoni

Kazi yangu ni kuziandaa nyumba kabla hazijapata mpangaji au mnunuzi. Nachagua rangi na mapazia, napanga viti, kisha dalali analeta watu. Wiki iliyopita mwenye nyumba mmoja huku Bamburi, ambaye nyumba yake imekaa tupu mwezi wa nne sasa, aliniambia nipake rangi ya maziwa kila mahali, nisijitie ujuaji. Nilirudi nyumbani nikimuwaza Dorothy Draper.

Mama huyu alizaliwa mwaka wa 1889 katika familia tajiri ya Tuxedo Park, jimbo la New York, Marekani. Aliolewa na daktari, akaipamba nyumba yake mwenyewe, na wageni walioiona wakaanza kumwomba awapambie zao. Mwaka wa 1925 akafungua ofisi yake, enzi ambayo wanawake wenye kampuni walikuwa wachache. Miaka michache baadaye ndoa ikavunjika, na uchumi wa Marekani nao ukaporomoka. Hapo wengi wetu tungejificha kwenye rangi ya maziwa. Yeye hakujificha.

Kisa chake ninachokipenda zaidi ni cha Sutton Place, mjini New York. Kulikuwa na safu ya nyumba kuukuu za kupangisha zisizomvutia mtu. Draper hakuzibomoa. Alizipaka rangi nyeusi kwa nje, akatia nyeupe pembezoni, kisha kila mlango akaupa rangi yake kali. Fikiria majirani walivyosimama kutazama! Lakini wapangaji walikuja, na kodi ikapanda.

Sisi wa Pwani hatuna haki ya kushangaa. Wazee wetu walijua kwamba mlango humsemea mwenye nyumba kabla yeye hajatoka kupokea mgeni, ndiyo maana hawakumbania fundi wa kuchonga.

Baadaye akakabidhiwa Hampshire House, jumba refu linalotazama bustani ya Central Park, ambalo ujenzi wake ulikuwa umekwama wakati wa dhiki ile. Lilifunguliwa mwaka wa 1937. Baada ya vita kuu ya pili akaitwa Greenbrier, hoteli ya West Virginia iliyokuwa imegeuzwa hospitali ya jeshi. Ilipofunguliwa tena mwaka wa 1948, ilikuwa imejaa kijani, waridi, maua makubwa ukutani na sakafu za miraba nyeusi na nyeupe. Aliyeingia hakukumbuka tena vitanda vya wagonjwa.

Si wote waliompenda. Wapo walioona kazi yake ina kelele mno. Hata hivyo, mwaka wa 1939 alikuwa ameshatoa kitabu, Decorating Is Fun!, cha kuwatia moyo watu wa kawaida wapambe nyumba zao wenyewe bila woga. Alifariki mwaka wa 1969, na hadi leo Greenbrier inajivunia mtindo wake.

Nilichojifunza kwake ni kwamba kuthubutu si kucheza bahati nasibu. Pale Sutton Place alithubutu kwa kitu cha bei nafuu, kinachoweza kufutwa: rangi. Kuta aliziacha zilipo. Tena alimfikiria yule atakayesimama mlangoni, si yeye mwenyewe. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kizuri kilichofichwa nyuma ya rangi inayofanana na ya jirani kitajiuzaje, na hakuna anayekiona?

Basi nilimrudia yule mwenye nyumba. Tumekubaliana kuta ziwe nyeupe, na mlango wa mbele uwe kijani cha embe bichi. Mwezi ukiisha bila mpangaji, nitaupaka upya kwa pesa zangu, na ujira wangu asinilipe. Fundi anaanza Jumatatu.