Ibn Sirin na Elimu ya Ndoto
Imamu Muhammad bin Sirin, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mfanyabiashara wa Basra, Iraki, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru na Sahaba Anas bin Malik. Alisifika kwa uchamungu na kufasiri ndoto hadi alipofariki mwaka 110 Hijria (729).

Yasimuliwa kuwa watu wawili walimwendea, kila mmoja ameota akiadhini. Mmoja alimbashiria Hija. Wa pili alimwona mwizi. Aliitazama hali ya mwotaji kabla ya kuifasiri ndoto.

Wataalamu wa leo nao waona kuwa ndoto huchota katika kumbukumbu na hofu zetu, na huenda huisaidia akili kuzituliza. Kule Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mila ya Wanyakyusa ilishikilia kuwa walinzi wa kijiji huwaona wachawi ndotoni. Basi, ndugu Waislamu, tuichunguze nafsi iliyoota kabla ya kumtuhumu jirani.