Padri Placide Tempels, aliyekuja Katanga kufundisha akafundishwa

Mtu anayejitayarisha kwa ubatizo hujiuliza neno moja moyoni, ambalo pengine huona haya kumwuliza mwalimu wake: Je, nikiwa Mkristo, yanipasa kuyatupa yote niliyopokea kwa baba na babu zangu? Je, naja mbele ya Mungu nikiwa mtupu, kama kibuyu kisicho na maji? Maisha ya padri mmoja aliyekaa miaka mingi katika nchi yetu ya shaba yatatusaidia kulijibu swali hilo. Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu, wala hatumwombi kama tunavyowaomba watakatifu. Lakini wazee wa Kolwezi walimwita Baba, na jina hilo hawakumpa bure.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 katika mji mdogo wa Berlaar, nchi ya Ubelgiji. Mwaka ule ule wa 1906 ilianzishwa Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga kwa miaka sitini. Mtoto yule na kampuni ile walikuwa mbali sana, na hakuna aliyejua kwamba siku moja watakutana. Wazazi wake walimwita Frans. Mwaka 1924 aliingia katika shirika la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, akapewa jina la Placide. Mwaka 1930 alipewa upadri, na mwaka 1933 akavuka bahari kuja Kongo, akatumwa kwa Waluba upande wa Kamina.

Hebu tumtazame kijana huyu wa miaka ishirini na saba. Ameacha nchi yake, lugha yake na jamaa zake kwa ajili ya Injili. Moyo wake ni mwema, lakini ameleta pia mawazo ya Wazungu wa siku zile. Alidhani kwamba yeye ndiye mwenye kujua yote, na kwamba watu weusi hawana ila kusikiliza na kutii. Akaenda kijiji hata kijiji akifundisha, akiamuru na kukemea. Watu walimwitikia kwa heshima, wakajifunza katekisimu kwa moyo, wakabatizwa. Lakini ugonjwa ulipoingia nyumbani, au mtoto alipokufa, wengi walirudi kwa siri kwa mganga. Dini ilikuwa imekaa juu kama vumbi juu ya jani. Mvua ya kwanza iliiondoa.

Alifanya hivyo muda wa miaka kama kumi, hata akaona kwamba kazi yake haizai. Padri mwingine angaliwalaumu watu, akisema mioyo yao ni migumu. Tempels alianza kujitazama mwenyewe. Alikuwa amekwisha kujifunza Kiluba na kukusanya mithali za wenyeji, lakini sasa aliziuliza kwa namna nyingine. Aliketi pamoja na wazee, akaacha kunena, akasikiliza. Aliwauliza wao ni nani, wanatafuta nini katika maisha, wanaogopa nini, wanalia nini usiku.

Wazee walimjibu, na katika majibu yao aliona mambo matatu yakirudi daima. La kwanza ni uzima: mtu anataka kuishi kwa nguvu, si kupungua wala kudhoofika. La pili ni uzazi: anataka uzima wake uendelee kwa wengine, asife bila kuacha mtu. La tatu ni mapendo: hawezi kukaa peke yake, anataka kuunganika na wenzake, walio hai na waliotangulia. Ndipo Padri alipostaajabu. Alitaka kuwajua watu wale ili awafundishe vizuri zaidi, akajikuta anajijua mwenyewe. Mambo yale matatu yalikuwa ndani ya moyo wake pia, ingawa hajapata kuyatamka. Akafungua Injili, akaona kwamba Bwana Yesu amekuja kuwapa watu uzima tele, amewaita wazae matunda, na amri yake kuu ni mapendo. Mungu alikuwa ametangulia kufika Katanga kabla ya mmisionari. Mbegu ilikwisha kuwamo ardhini.

Aliyaandika mawazo yake katika kitabu, nacho kilitolewa mwaka 1945 mjini Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Jina lake kwa Kifaransa ni La philosophie bantoue, yaani hekima ya Wabantu. Katika siku zile Wazungu wengi walisema kwamba Mwafrika hana hekima yake mwenyewe. Padri huyu alisema anayo, tena yenye mpango na mizizi. Mwaka 1949 kitabu kilitolewa tena Paris, kikasomwa katika nchi nyingi. Wenye elimu wanabishana juu yake hata leo: wengine wanakisifu, wengine wanasema kwamba hekima ya makabila yote haiwezi kutiwa katika kitabu kimoja. Sisi hatuna haja ya kuamua shauri hilo.

Lakini kitabu kilimletea taabu. Askofu wa Elisabethville, Monsinyori de Hemptinne, hakupendezwa nacho hata kidogo. Mwaka 1946 Padri Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko hata mwaka 1949. Fikirini jambo hilo. Mtu amepata rafiki zake wa kweli, amegundua kazi aliyoitiwa, kisha bahari inamtenga nao. Hakuliacha Kanisa wala hakuvua kanzu ya Mtakatifu Fransisko. Alingoja. Njia ilipofunguliwa, akarudi Katanga.

Baada ya miaka michache alipelekwa Ruwe, karibu na Kolwezi, na huko akakutana na wafanya kazi wa Union Minière. Watu wa kambi zile walitoka pande nyingi: Waluba wa Katanga, watu wa Kasai, na wengine kutoka nchi za mbali. Kampuni iliwapa nyumba, posho na mshahara. Lakini haikuweza kumpa mtu ndugu. Aliyeishi kijijini kati ya wajomba na shangazi sasa alikaa ukuta kwa ukuta na mtu asiyejua lugha yake. Mume alishuka kazini alfajiri. Mke alibaki na upweke. Wengi walikuwa wamebatizwa, wakasali pamoja Jumapili, nao hawakujuana.

Hapo Padri hakuanza kwa amri. Alianza kwa kukutana na watu wachache, mume pamoja na mkewe, akawaeleza moyo wake nao wakamweleza mioyo yao. Kukutana huko kukazaa kundi lililoitwa Jamaa, kwa neno letu la Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yake. Hakuna aliyeingia kwa kuandika jina na kulipa fedha. Mume na mke waliingia pamoja, wakiongozwa hatua kwa hatua na mume na mke wengine waliotangulia. Waliitwa Baba na Mama, na Padri mwenyewe aliitwa Baba Placide. Mfano wao ulikuwa Bwana Yesu na Mama yake Bikira Maria, walivyounganika kwa mawazo na mapendo.

Matunda yalionekana kwanza nyumbani. Mume aliyezoea kumpa mkewe amri tu, sasa alijifunza kumfunulia mawazo yake. Mke aliyezoea kunyamaza, alisikilizwa. Watu wa makabila mbalimbali wakaitana ndugu. Na lipo tunda moja lililofariji wengi. Ninyi mnajua jinsi nyumba isiyo na mtoto inavyodharauliwa, na jinsi mke anavyosemwa kisimani. Katika Jamaa watu walifundishwa kwamba kuna uzazi mwingine pia, uzazi wa roho. Mume na mke wanaomleta mwenzao katika mapendo ya Kristo wamemzaa kweli. Basi wasio na mtoto wa mwili waliitwa Baba na Mama bila dhihaka, nao wakawa na watoto wengi.

Jamaa ikaenea kutoka Kolwezi hata miji mingine ya Katanga, na hata Kasai. Palipo ngano, magugu nayo huota. Baadaye wengine walipotoka, wakajitenga, wakachanganya umoja wa roho na mambo yasiyopatana na amri za Mungu, waliitwa Katete. Maaskofu walilazimika kuonya na kutoa sheria. Wengi wa Jamaa walitii, wakabaki katika parokia zao. Hapo tunajifunza kwamba mapendo bila utii hupotea njia, kama vile utii bila mapendo ulivyokuwa umekauka katika miaka ya kwanza ya Padri.

Mwaka 1962, akiwa na afya dhaifu, Padri Tempels alirudi Ubelgiji. Mwaka huo huo kilitolewa kitabu chake kidogo, Notre rencontre, yaani kukutana kwetu, ambamo alisimulia jinsi alivyobadilika. Hakurudi tena Kongo. Aliishi kimya katika nyumba ya Wafransisko mjini Hasselt, akafa tarehe 9 Oktoba 1977, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Amezikwa mbali na Ruwe, lakini neno Jamaa halikuzikwa pamoja naye.

Sasa turudi kwa swali letu. Mkatekumeni haji mtupu. Kiu yako ya uzima, Mungu ndiye aliyeiweka ndani yako. Hamu yako ya kuzaa na kupendana imetoka kwake. Uchawi, kisasi na hofu ya pepo, hayo uyaache mlangoni, kwa maana yanaiba uzima unaoutafuta. Lakini kiu yenyewe usiitupe. Ilete kwenye kisima cha ubatizo.

Na wewe uliyeoa, usije mafundishoni peke yako kila siku ukimwacha mwenzako jikoni. Jioni hii mketi pamoja, mwulizane mambo matatu yale ambayo Padri aliwauliza wazee: Tunatafuta nini? Tunaogopa nini? Tunalia nini? Kisha myapeleke majibu yenu mbele ya Bwana katika sala ya usiku. Atakayemsikiliza hivyo aliye karibu naye, amekwisha kuanza kumsikiliza Mungu.