Zakayo Kivuli, Mzee wa Nineve

Tumekuwa tukimwangalia yule kiwete wa Matendo 3, aliyezoea kupokea sarafu mlangoni, akapewa miguu. Wengine mmeuliza kama mambo hayo yaliwahi kuonekana huku kwetu. Yalionekana. Mkumbukeni David Zakayo Kivuli.

Alizaliwa karibu mwaka 1896. Alilelewa kiroho na misheni ya Wapentekoste wa Kanada pale Nyang'ori, chini ya Otto Keller, akapanda hadi kuwa msimamizi wa shule zao. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo huwa naangalia kwanza mtu analipwa na nani. Wakati wa mkoloni, kazi kama hiyo haikuwa ya kuchezea.

Mwaka 1932 alijazwa Roho Mtakatifu, na kuanzia hapo akazunguka kwa Waluhya na Wajaluo akihubiri na kuombea wagonjwa. Kwake toba ilikuwa ya hadharani. Mtu alisema dhambi zake mbele ya wenzake, halafu watu wakaimba kwa furaha. Mwaka 1942 akaanzisha kanisa lake, African Israel Church Nineveh, makao yakiwa Nineve kule Vihiga. Wala hakutoka kwa vita, Keller mwenyewe alimbariki.

Hapo ndipo napenda kukaa. Kutoka misheni kulikuwa ni kuacha mkono uliozoea kulipa. Sasa waumini wake, wengi wao watu wa jembe tu, wangesimama na nini? Walivaa kanzu nyeupe na vilemba, wakashika ngoma na bendera, wakaandamana barabarani mchana kweupe. Pombe na tumbaku waliacha, na hizo pekee, jamani, ni pesa ngapi zinabaki nyumbani? Yule ambaye jana aliitwa boi, leo anapita kichwa juu. Kwangu mimi huo nao ni uponyaji.

Kwa hivyo wewe unayekuja ofisini kila wiki kuomba nauli, usiache kuja. Tutakuombea, hospitali tutakupeleka, kwani dawa si dhambi. Lakini tutakuuliza pia unajua kazi gani. Usikasirike.

Si yote ya Kivuli tunafuata. Wao huiheshimu Ijumaa, siku aliyosulubiwa Bwana, na sisi wa Lubao Ijumaa tunaijua kwa soko la mbwa!

Mzee alilala 1974. Mwaka uliofuata kanisa lake likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likaketi meza moja na makanisa ya Wazungu. Aliyeliongoza wakati huo alikuwa mama, mjane wake, Rebecca Jumba Kivuli, hadi 1983 alipomwachia mjukuu wao.