Mshairi Aliyeionja Sumu

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, njiani nikipita barazani kwa mzee mmoja mshona kofia. Shingo yake ilipinda upande wa kushoto wala haikurudi. Akitaka kuinyoosha, huweka kidole kidevuni, ikatii kidogo, kisha ikapinda tena. Sisi watoto tukimcheka. Wakubwa walisema ana shetani, akapungwa mara nyingi, na akafa na shingo yake vile vile. Kila nikimkumbuka mzee wangu yule, humkumbuka pia mshairi wa Kijerumani, Justinus Kerner.

Kerner alizaliwa mwaka 1786 mjini Ludwigsburg, katika nchi ya Württemberg. Babake alipofariki, alitiwa kazi katika kiwanda cha nguo, lakini moyo wake haukuwa huko. Mwaka 1804 aliingia Chuo Kikuu cha Tübingen kusomea utabibu, na huko huko akatunga mashairi pamoja na rafiki yake Ludwig Uhland. Tangu hapo hakuacha kalamu wala dawa.

Zama hizo watu wa Württemberg walikuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika, za damu na nyama ya nguruwe. Kwetu sisi hicho si chakula, lakini kwao kilikuwa riziki ya kila siku. Mgonjwa hukauka kinywa, kope zikaanguka, akaona kitu kimoja kuwa viwili, akashindwa kumeza, na mwisho pumzi ikakatika. Na muda wote huo akili yake i timamu!

Kerner alikusanya habari za wagonjwa hao kwa subira. Mwaka 1820 alieleza habari za watu 76, na mwaka 1822 akafikisha 155. Aliikamua sumu ile, akawajaribia wanyama, kisha akadondosha matone machache juu ya ulimi wake mwenyewe. Akatambua kuwa sumu hukata amri itokayo katika neva kwenda kwenye misuli, bali haigusi akili. Hapo ndipo lilipomjia wazo la ajabu: kitu kilegezacho misuli ya mzima, je, kwa kipimo kidogo mno hakiwezi kumtuliza mgonjwa ambaye viungo vyake vinacheza bila ya hiari yake?

Hakuwahi kuliona jibu. Tena alikosea kudhani kuwa sumu ile inatokana na mafuta. Mwaka 1895, nchini Ubelgiji, Emile van Ermengem ndiye aliyegundua kuwa inatokana na bakteria. Kerner mwenyewe aliishi Weinsberg tangu mwaka 1819, akiandika hata habari za mizimu. Uzeeni macho yalififia, na matone ya wino yaliyomwagika akayageuza picha na kuyatungia mashairi. Alifariki mwaka 1862.

Wazo lake lilingoja. Mwaka 1980 Daktari Alan Scott wa Marekani alitangaza kuwa ameitumia sumu hiyo, kwa kipimo kidogo sana, kunyoosha macho yenye makengeza. Mwaka 2000 Marekani ikairuhusu kwa distonia ya shingo, maradhi ambayo misuli huvuta shingo ikapinda, na ambayo wengi wenye nayo hupata nafuu wakigusa kidevu, kama alivyofanya mzee wangu. Daktari huchoma sindano katika misuli inayovuta. Nafuu huja baada ya siku kadhaa, ikadumu kama miezi mitatu, kisha sindano hurudiwa. Haiondoi asili ya ugonjwa, na huweza kuleta taabu ya kumeza. Kwa hivyo ni kazi ya bingwa peke yake.

Basi, msomaji wangu, ukimwona mwenye shingo iliyopinda usimcheke, wala usikimbilie kumsingizia shetani. Muombee dua, na umpeleke kwa daktari wa neva. Mzee wangu tulimcheka, na sasa hayupo wa kumtaka radhi.