Jomo Kenyatta: Mwalimu wa Kikuyu, Mwanafunzi wa London

Aghalabu jina la Jomo Kenyatta linapotajwa, wengi humkumbuka mshtakiwa wa Kapenguria na rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya. Ni wachache wanaomkumbuka katika Idara ya Fonetiki jijini London, akitamka maneno ya lugha ya mama yake ili wataalamu wa Kiingereza wayasikilize na kuyanakili. Hata hivyo, miaka hiyo ya kufundisha na kusoma ugenini ndiyo iliyomfanya mwandishi.

Kenyatta alizaliwa katika eneo la Gatundu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Elimu yake rasmi aliipata katika misheni ya Thogoto, wala haikufika kiwango cha sekondari. Mwaka 1928 alikuwa katibu mkuu wa Kikuyu Central Association na mhariri wa Mũigwithania, gazeti lililoandikwa kwa Kikuyu. Chama hicho kilimtuma London mwaka 1929 ili apeleke malalamiko kuhusu ardhi. Alirejea Kenya mwaka uliofuata, kisha mwaka 1931 akasafiri tena. Safari hiyo ya pili ilichukua miaka 15.

Siasa haikumlisha. Alipanga chumba katika Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, na kodi ilimlemea mara kwa mara. Katikati ya miaka ya 1930 alipata kazi katika University College London, ambako alimsaidia Lilias Armstrong, mwanafonetiki aliyekuwa akichunguza sauti za Kikuyu. Kazi yenyewe ilihitaji umakini mkubwa. Kikuyu kina irabu saba, tofauti na Kiswahili chenye irabu tano. Aidha, toni yaweza kubadilisha maana ya neno. Mambo ambayo Kenyatta aliyajua tangu utotoni bila kuyafikiria, sasa alilazimika kuyatenganisha moja baada ya jingine. Alikuwa mwalimu na wakati huo huo kielelezo cha kuchunguzwa. Armstrong alifariki mwaka 1937; utafiti wake ulipochapishwa mwaka 1940, jina la mwandishi jaladani lilikuwa la Armstrong, ingawa sauti iliyochambuliwa ilikuwa ya Kenyatta.

Mwaka 1935 alijiunga na London School of Economics kusomea anthropolojia katika ngazi ya uzamili, licha ya kutokuwa na shahada ya kwanza. Mlango huo alifunguliwa na Bronisław Malinowski. Profesa huyu alizaliwa mwaka 1884 mjini Kraków, wakati ambapo Poland haikuwa dola bali nchi iliyogawanywa na madola matatu jirani. Babake, Lucjan, alikuwa profesa wa lugha za Kislavoni aliyechunguza lahaja za Kipolandi. Malinowski mwenyewe alifika katika chuo hicho mwaka 1910 akiwa mwanafunzi mgeni, na kazi zilizompa sifa aliziandika kwa Kiingereza, lugha isiyokuwa yake. Kwa hivyo, ugumu wa kuwaelezea wageni mambo ya kwao kwa lugha ya kuazima haukuwa jambo geni kwake.

Insha alizoziwasilisha Kenyatta katika semina za Malinowski ndizo zilizozaa Facing Mount Kenya, kitabu kilichochapishwa mwaka 1938 kikiwa na utangulizi wa mwalimu wake. Safari hii jina lililokuwa jaladani ni Jomo Kenyatta. Yule aliyekuwa akiulizwa maswali juu ya lugha yake alikuwa sasa akiuliza na kujibu mwenyewe juu ya ardhi, ukoo, ndoa na utawala wa watu wake. Wahakiki wamelalamika kwamba aliichora jamii iliyotulia kupita kiasi, kama wakili anayetetea mteja. Hoja hiyo ina uzito. Isitoshe, kitabu hicho kilichowatetea Wakikuyu kiliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao wakati huo hawakuweza kuisoma.

Kenyatta alirudi nyumbani mwaka 1946. Mwaka 1974, akiwa rais, aliagiza Kiswahili kitumike katika mijadala ya bunge. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, na mwaka uliofuata Kiingereza kikaruhusiwa tena katika mijadala hiyo.

Maisha yake ya London yanawahusu wote wanaozichunguza lugha za Kiafrika. Kuijua lugha tangu utotoni ni hazina, lakini mwenye hazina hiyo akikomea kutoa mifano, wengine ndio watakaoandika vitabu. Kenyatta aliitoa mifano, akalipwa, kisha akaishika kalamu. Swali la kalamu hiyo iandike kwa lugha gani aliwaachia waliokuja baada yake.